Ruvuma Iliyoko Angani

Kila mwanafunzi wa jiografia anaufahamu mto Ruvuma. Ni wachache wanaojua kwamba iko Ruvuma nyingine, isiyo na tone la maji, inayolizunguka Jua kati ya Mirihi na Mshitarii. Hiyo ni sayari ndogo nambari 1427, iliyogunduliwa na Cyril Jackson huko Johannesburg tarehe 16 Mei 1937, ikapewa jina la mto huo. Mwaka uo huo aligundua pia zile ziitwazo Mombasa na Pemba.

Tukiuita umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua, yaani kilomita milioni 150, kizio kimoja, Ruvuma hulikaribia Jua hadi vizio 2.2, kisha hwenda mbali hadi 3.3. Wastani ni 2.75. Hapa mwalimu anapata zoezi zuri la kanuni ya tatu ya Kepler: 2.75 × 2.75 × 2.75 ni karibu 20.8, na kipeuo chake cha pili ni 4.56. Hiyo ndiyo miaka ya mzunguko wake mmoja.

Ukubwa ni jambo gumu zaidi, kwani hata katika darubini kubwa Ruvuma ni nukta tu. Tena nuru peke yake hudanganya: jiwe dogo jeupe na jiwe kubwa jeusi huweza kung'aa sawasawa. Kinachoyatenga ni joto. Jiwe jeusi humeza nuru nyingi na kuitoa kwa njia ya joto, nalo hupimwa kwa satelaiti. Ndivyo ilivyojulikana kwamba Ruvuma ni nyeusi kama makaa, na kipenyo chake ni karibu kilomita 37.

Mwanafunzi wa Basotu na aulinganishe na Mlima Hanang, wenye mita 3,417 juu ya usawa wa bahari: kipenyo hicho ni zaidi ya mara kumi ya kimo hicho. Wala asidhani kuwa mashimo ya mviringo yenye maziwa hapo kwao yalichimbwa na mawe ya angani. Hayo ni kazi ya volkano, maji ya ardhini yalipokutana na miamba ya moto yakalipuka. Jiwe la ukubwa wa Ruvuma lisingetuachia ziwa la kuvulia samaki! Kwa bahati njema, njia yake haifiki karibu nasi.

Nuru yake hupanda na kushuka kwa mpango, maana jiwe lenyewe si tufe kamili. Kutokana na hayo wanafalaki wamepata kwamba hujizungusha kwa saa 4 na dakika 48 hivi: siku yetu moja ni siku zake tano.