Hoja ya Buzwagi ina funzo gani kwa mkulima wa Nyambureti?

Mkulima wa Nyambureti wilayani Serengeti anapopeleka mahindi mnadani hakatwi ushuru kwa kuangalia faida yake. Ushuru wa mazao hutozwa kwenye bei nzima ya mauzo. Kisheria mlipaji ni mnunuzi, lakini mfanyabiashara yeyote anajua kwamba mnunuzi hulifidia kwa kushusha bei shambani.

Kwa miaka mingi ushuru huo ulifika asilimia 5. Wakati huohuo, ng'ambo ya Mto Mara katika mgodi wa Nyamongo wilayani Tarime, Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ilitoza mrabaha wa dhahabu asilimia 3 tu, tena baada ya kuondoa gharama za kusafirisha na kusafisha.

Tupige hesabu. Tuseme mkulima ameuza magunia 10 kwa Sh50,000 kila moja, akapata Sh500,000. Ushuru wa asilimia 5 ni Sh25,000. Kama jembe, mbegu, palizi na usafiri vilimgharimu Sh450,000, basi nusu ya faida yake imekwenda. Dhahabu ya thamani hiyohiyo, ikiondolewa Sh20,000 za usafiri na usafishaji, ililipiwa mrabaha wa Sh14,400.

Mjadala wa kodi za madini ulipamba moto bungeni mwaka 2007. Mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA, Zitto Kabwe, aliwasilisha hoja binafsi akitaka iundwe kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi, Kahama, ambao Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, aliusaini mjini London Februari mwaka huo. Hoja ilikataliwa, na Agosti Zitto akasimamishwa ubunge hadi Januari 2008 kwa madai ya kusema uongo dhidi ya Waziri. Mbunge wa Tarime kupitia chama hichohicho, Chacha Wangwe, aliyefariki kwa ajali ya gari Julai 2008, naye alikuwa akidai haki za wananchi wanaouzunguka mgodi wa Nyamongo.

Waliotetea viwango vya wakati ule walisema bila masharti nafuu wawekezaji wasingekuja. Hoja hiyo si ya kubezwa, kwani migodi mikubwa ilifunguliwa baada ya 1998. Lakini unafuu anaopewa mmoja hubebwa na mwingine, na mkulima hakuwahi kuandikiwa mkataba wa unafuu.

Hoja ya upinzani haikuishia pale. Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kupitia sekta ya madini, na Zitto akawa mjumbe wake. Sheria ya Madini ya 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4 ya thamani ghafi, bila kuondoa gharama. Mwaka 2017, Serikali ya Rais John Magufuli iliupeleka hadi asilimia 6, na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 juu yake. Bajeti ya 2017/18 nayo ilishusha ushuru hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula.

Kwa viwango hivyo, mahindi yetu ya Sh500,000 yanadaiwa Sh10,000, na dhahabu ya thamani hiyo Sh35,000. Mizani imegeuka.

Hata hivyo, mrabaha huenda Serikali Kuu. Kinachobaki wilayani ni ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo, ambao kwa mgodi wa Nyamongo ni wa Tarime. Serengeti haina fungu hapo. Kwa halmashauri inayokaa Mugumu, gunia la mkulima na duka la mfanyabiashara mdogo vinabaki kuwa vyanzo vya karibu.

Ndiyo maana funzo la Buzwagi ni la kijijini pia. Zitto aliuliza maswali mawili: fedha inakokotolewa vipi, na nani ameona mkataba? Mkulima ayaulize hayohayo. Adai stakabadhi kila anapotozwa, na mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, usomewe mapato na matumizi. Asiyehoji Sh10,000 zake hatasikilizwa akihoji mabilioni ya mgodi.