Kufungua Tena Nyumba ya Huduma: Fundisho la Mwaka 2020 kwa Sharika za Masasi na Newala

Tarehe 29 Julai 2020 kijiji cha Lupaso, Wilaya ya Masasi, kilipokea umati mkubwa. Rais mstaafu Benjamin William Mkapa, aliyezaliwa hapo tarehe 12 Novemba 1938, alikuwa amefariki Dar es Salaam tarehe 24 Julai, akarudishwa kwao kuzikwa. Siku hiyo ulikuwa umetimia mwezi mmoja kamili tangu shule zote nchini zifunguliwe. Zilikuwa zimefungwa tarehe 17 Machi, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini, na pamoja nazo zilifungwa chekechea za sharika na vituo vingi vya kulelea watoto mchana. Meza za uji za yatima na wajane, ambazo hazikutajwa katika amri yoyote, aghalabu zilifungwa nazo, kwa kuwa huendeshwa katika jengo lile lile na watu wale wale.

Kufunga kulikuja kwa tangazo, na kila mtu alijua siku na saa. Kufungua, kwa upande wetu wa diakonia, kulifanyika kwa ufunguo tu. Mzee wa Kanisa alifungua kufuli, akina mama wakafagia, sufuria likabandikwa. Mwandishi wa makala hii alikuwa mmoja wa walioshangilia moshi wa jiko lile, na haya anayoyaandika ameyajifunza zaidi kwa makosa kuliko kwa vitabu.

Huenda msomaji akauliza faida ya kulirudia jambo hili leo, ilhali Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuondoa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023. Jibu ni kwamba ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera mwezi Machi mwaka huo huo wa 2023, ukarudi tena Januari 2025, na kipindupindu hakijatuhama. Mchungaji kijana anayehitimu chuo leo hana budi kutarajia kwamba, kabla ya kustaafu kwake, atafunga nyumba ya huduma walau mara moja, na kwa hiyo atalazimika kuifungua.

Kuhani Mlangoni

Tunayo sura nzima ya Maandiko juu ya jambo hili, nayo huhubiriwa mara chache mno. Mambo ya Walawi 14, kuanzia aya ya 33, yaeleza nyumba iliyoingiwa na pigo. Mwenye nyumba haruhusiwi kuamua mwenyewe. Yampasa kwenda kumwambia kuhani kile anachodhani amekiona. Kuhani huamuru vitu vyote vitolewe nje kwanza, kisha huingia na kutazama. Nyumba hufungwa siku saba. Hurudi, hutazama tena. Mawe yenye madoa hung'olewa, kuta hukwanguliwa, hupigwa lipu mpya. Baada ya hayo yote hutazama mara nyingine, na ndipo hutamka kwamba nyumba ni safi. Iwapo pigo limerudi, nyumba hubomolewa.

Wafafanuzi wengi huipitia sura hii haraka ili wafike kwenye damu ya ndege na mwerezi. Kwa mtu wa diakonia uzito upo kwingine: katika kutazama mara kwa mara, na katika ukweli kwamba anayetazama si yule aliye na haja ya kuingia. Mama anayepika ana haja ya jiko. Mtunza hazina ana haja ya kuwaandikia wafadhili kwamba huduma imeanza. Hata mchungaji anataka kuonekana hodari. Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza ufanywe na mtu asiye na haja hizo, na katika vijiji vyetu mtu huyo yupo: ni mhudumu wa zahanati au bwana afya wa kata. Aitwe kabla ya kufuli kufunguliwa.

Hapa Luther naye ana neno. Tauni ilipoingia Wittenberg mwezi Agosti 1527, chuo kikuu kilihamia Jena, naye akabaki na Bugenhagen, nyumba yake ikawa kama hospitali. Waraka alioandika wakati ule kwa Johann Hess wa Breslau, kuhusu kukimbia au kutokimbia mauti, kwa kawaida tunaufundisha kama swali la ushujaa. Lakini sehemu kubwa yake ni shauri la akili: kutumia dawa, kusafisha hewa ya nyumba, kutokwenda mahali ambapo mtu hahitajiki, na kulaumu vikali wale wanaojiita wenye imani huku wakimjaribu Mungu kwa uzembe. Luther ataja pia kufukiza nyumba. Wale waliojifukiza kwa majani mwaka 2020 wasishangilie upesi. Yeye alifuata utabibu wa karne yake, nasi yatupasa kufuata wa karne yetu.

Maji Kabla ya Sabuni

Mtu wa Arusha au Bukoba akisoma kwamba huduma ifunguliwe kwa kuweka ndoo ya maji mlangoni, huona jambo dogo. Mtu wa Newala huona jambo kubwa kuliko yote. Uwanda wa juu wa Makonde ni mchanga unaonyonya. Mvua huzama, na chemchemi hutokea chini ya miteremko. Vizazi vingi vya wanawake vimeshuka bondeni na kupanda na mitungi kichwani. Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa mashine kutoka mabondeni hadi juu, lakini mashine ikiharibika watu hutegemea visima vya kuvunia maji ya mvua, vile vilivyochimbwa uani na kusakafiwa kwa saruji. Mvua huanza karibu na Desemba na kukoma Aprili au Mei. Basi nyumba iliyofunguliwa mwishoni mwa Juni ilikuta kisima kimejaa, na kila mtu akanawa kwa furaha. Kufikia Oktoba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, maji yananunuliwa kwa ndoo, na ndoo ya mlangoni ndiyo ya kwanza kukauka. Mpango wa kunawa uliopangwa kwa maji ya Juni hautafika Krismasi. Kibuyu chirizi, kile cha dumu lililotobolewa na kuning'inizwa kwa kamba ya kukanyagia, hutumia maji kidogo sana kwa mkono mmoja mmoja, nacho chafaa kiwekwe tangu siku ya kwanza, wakati maji yangali mengi, ili watoto wakizoee.

Lakini kisima chenyewe kina hatari iliyo mbaya kuliko ugonjwa tuliokuwa tukiukimbia. Baada ya miezi ya kufungwa, majani, popo na panya waliotumbukia huoza ndani, na hewa ya chini ya mfuniko huwa haina oksijeni ya kutosha. Hewa hiyo haina rangi, na mara nyingi haina harufu. Kijana anayetumwa ashuke kusafisha aweza kuzimia kabla hajafika chini. Mwenzake akiruka kumwokoa, huzimia juu yake. Kwa njia hii kisima kimoja huua ndugu wawili kwa robo saa. Kwa hiyo mfuniko ufunguliwe mchana kutwa au zaidi, maji yapungue kwa ndoo kutoka juu, na kazi ya kukwangua ifanywe kwa ufagio wenye mpini mrefu kila inapowezekana. Ikiwa ni lazima mtu ashuke, afungwe kamba kifuani, na juu wawepo watu wawili wenye nguvu wasioondoka. Akinyamaza, avutwe. Asifuatwe.

Maji ya kwanza yasinywewe bila kutiwa dawa ya klorini au kuchemshwa. Kwa kufutia meza na vitasa, dawa ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu 34 za maji. Ichanganywe kila siku upya, kamwe isichanganywe na dawa nyingine ya choo, na chupa isikae karibu na uji wa watoto.

Stoo

Hapa mwandishi anaomba radhi kwa kukaa kidogo. Gunia lililokuwa stooni tarehe 17 Machi lilikuwa la mavuno ya mwaka uliotangulia. Lilifungiwa katika wiki za mwisho za masika, chumba kikiwa na unyevu na bila ya mtu wa kufungua dirisha. Lilipofunguliwa mwisho wa Juni, mahindi yalikuwa na fukusi, naam, lakini fukusi huonekana na hupepetwa. Kisichopepetwa ni sumukuvu, sumu itokayo kwenye kuvu wa mahindi na karanga. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya iliwashika watu 317, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Unga wa lishe ambao sharika zetu hujivunia, wenye mahindi na karanga pamoja, unabeba hatari hiyo mara mbili, nao hupewa mtoto mdogo ambaye ini lake ni dogo.

Mwandishi alisimama mbele ya magunia sita ya namna hiyo. Yalikuwa sadaka. Mengine yalitolewa na wajane. Mzee mmoja alisema kwamba kutupa chakula cha sadaka ni dhambi, na maneno yake yalikuwa na nguvu, kwa kuwa njaa si hadithi kwetu. Tulichagua njia ya katikati, tukachambua punje nzuri kwa mkono na kusaga. Hakuna mtoto aliyekufa, lakini hiyo ilikuwa rehema tu, wala hatukustahili kujisifu. Leo angesema wazi: gunia lenye harufu ya uvundo au punje zenye rangi ya kijani na kijivu lizikwe, lisipewe hata kuku, na waliolitoa waambiwe kwa heshima mbele ya usharika kwa nini limezikwa. Sehemu ya mwisho ndiyo ngumu, na ndiyo kazi ya mchungaji, isitumwe kwa mwinjilisti.

Hewa, na Wazee

Mwaka 2020 tulisisitiza mikono, tukasahau pumzi. Sasa inafahamika kwamba ugonjwa ule ulienea zaidi kwa hewa ya vyumba vilivyofungwa kuliko kwa vitasa. Katika nchi yenye miembe na mikorosho hakuna udhuru wa kuwakusanya watoto 40 chini ya bati. Uji unyweke nje. Mvua ikinyesha, madirisha yote yawe wazi na watoto waje kwa zamu. Wazee wasiitwe kituoni kabisa katika miezi ya kwanza. Sahani iwafuate nyumbani, ipelekwe na mtu mmoja yule yule, asimame mlangoni. Ni kazi ya miguu, lakini humwonyesha mpelekaji mambo ambayo meza ya kituoni ilikuwa imeyaficha, kama vile bibi asiyemaliza dawa zake za kifua kikuu, au babu anayelea wajukuu watano ambao majina yao hayamo katika daftari.

Daftari

Matendo 6 yatuambia kwamba manung'uniko juu ya wajane yalizuka kwa sababu ya walioachwa katika huduma ya kila siku. Kila kufunga huzaa walioachwa. Daftari la Machi si daftari la Juni: wengine wamekufa, wengine wamehamia kwa mjomba, na nyumba zilizokuwa na baba hazina tena. Kuanza kugawa kwa orodha ya zamani ni kuwapa wasiohitaji na kuwanyima yatima wapya. Kwa hiyo juma la kwanza liwe la kutembelea tu, bila kupika. Na katika kutembelea, majina ya waliofariki yasomwe na kuombewa wafiwa, kwa kuwa wengi walizika haraka bila matanga. Takwimu za taifa ziliacha kutangazwa mwezi Mei 2020 na hazikurudi hadi katikati ya 2021. Katika mitaa mingi daftari la usharika ndilo lililobaki na kumbukumbu ya nani alikufa lini.

Wapo pia wasichana waliofungiwa nyumbani wakiwa wanafunzi na kufunguliwa wakiwa wajawazito. Juni 2020 shule ya serikali haikuwapokea. Ruhusa ya kurudi ilikuja kwa tamko la tarehe 24 Novemba 2021. Kwa miezi 17 mlango uliokuwapo kwa msichana kama huyo ulikuwa wa kituo cha usharika, kama kilikubali kumfungulia. Vingine vilikataa, vikihofia kuonekana vinabariki uzinzi. Mwandishi anaona kwamba kituo kilichomfungulia mtoto wa miaka minne na kumfungia mama wa mtoto huyo, mwenye miaka 16, kilikuwa bado hakijafunguliwa.

Kuhusu fedha, neno fupi. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wamefungwa kama sisi, na sadaka ya korosho hupatikana baada ya mnada wa Oktoba. Basi ifunguliwe huduma ndogo inayobebwa na mavuno ya Juni: siku mbili kwa juma, si tano. Watia sahihi wa benki wahakikiwe kwamba wangali hai na wangali hapo, kabla ya hundi ya kwanza.

Mwisho, katika kikao kile kile kinachoamua kufungua, iandikwe ni dalili gani zitakazofanya nyumba ifungwe tena, na nani ana mamlaka ya kufunga bila kusubiri kikao. Watoto watatu wenye homa katika siku moja, mpishi mmoja mwenye kuharisha, kisima kukauka. Baada ya siku 14 bwana afya arudi, aingie stooni na kufunua kisima, atazame mara ya pili, na matokeo yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu chini ya tarehe ile ya kwanza.