Picha ilionekana, sauti ya marehemu ikagoma

MAMA mmoja wa Kikongo aliyekuwa akijiandaa kurejea Uvira alinikabidhi kadi ya memori pale Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Ndani mlikuwa na video ya marehemu mumewe akiwaasa watoto, iliyochukuliwa kwa simu mwaka 2009. Kwenye televisheni picha ilionekana, lakini sauti haikutoka.

"Mwanangu, picha yake ninayo ukutani. Ninachotaka ni sauti," aliniambia.

Nilijifanya mjuzi. Nikafuta herufi 3GP mwishoni mwa jina la faili, nikaandika MP4. Ndugu msomaji, hilo ni kosa la wengi. Televisheni ikabaki bubu.

Nikapanda basi dogo hadi Lilongwe kwa fundi mmoja wa kompyuta karibu na soko. Alicheka sana. "Wewe si mfanyabiashara? Gunia la mchele ukiliandika maharage, utapika maharage?"

Akanieleza kuwa 3GP, MP4, AVI ya Microsoft ya mwaka 1992 na MKV ya mwaka 2002 ni magunia tu. Ndani yake picha na sauti hufungashwa mbalimbali, kila moja ikibanwa kwa njia inayoitwa kodeki. MP4 nyingi hubana picha kwa H.264, iliyokamilika mwaka 2003. Simu mpya nyingi hutumia H.265 ya mwaka 2013, ambayo hula nafasi ndogo lakini huzishinda mashine za zamani. Sauti ya marehemu ilibanwa kwa AMR, njia iliyobuniwa kwa mazungumzo ya simu, na televisheni nyingi haziijui.

Fundi aliifungua kwa VLC, programu ya bure iliyoanzia Ufaransa, na sauti ikatoka papo hapo. Kisha akaigeuza kuwa AAC, akaipakia pamoja na picha katika MP4 halisi. Picha ilibaki vilevile, nukta 176 kwa 144, kwani kugeuza faili hakurudishi kisichorekodiwa. Ile ya asili alinikataza kuifuta.

Kwa wenzangu tunaovusha video za harusi pale Songwe: flashi ya FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4. Ile ya exFAT hupokea, ila uliza kwanza kama deki ya mteja inaisoma. VCD za zamani zina faili la DAT katika folda ya MPEGAV. Ndani ni MPEG-1, nayo VLC huifungua. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama video, isije ikabanwa upya.

Nilirudi Dzaleka jioni. Mama alisikiliza mara mbili bila kusema neno, kisha akauliza nakala moja ni bei gani. Alitaka nne, moja kwa kila mtoto, na ya kitinda mimba iwe ya kwanza.