Gute ya mtoto shuleni: mzazi na mwalimu wasipoelewana, anayebaki na njaa ni mtoto

Saa nne ya asubuhi, kengele ya rekreasyo inalia katika shule moja ya msingi ya komine ya Kadutu, mjini Bukavu. Watoto wa mwaka wa tatu wanafungua saki zao: mandazi, biskuti, ndizi, viazi vitamu. Msichana mmoja wa miaka minane hafungui yake. Ndani kuna muhogo wa kuchemsha na karanga, kama kila siku. Juma lililopita mwalimu alimwambia mbele ya wenzake kwamba chakula cha shamba hakiletwi shuleni, alete biskuti na jusi. Wenzake walicheka. Tangu siku ile anarudi nyumbani na muhogo wake wote.

Mama yake, muuzaji wa mboga sokoni, alifikiri kwanza kwamba mtoto ni mgonjwa. Alipojua ukweli, hasira ilimpanda. Jirani mmoja alimshauri aende amfokee mwalimu getini. Mwingine alimwambia amhamishe mtoto shule.

Ugomvi wa namna hii wazazi wengi wanaujua, iwe Bukavu, Goma, Uvira au Bunia. Unaanza na kitu kidogo, gute, lakini nyuma yake kuna mambo mazito: pesa, aibu na heshima.

Mzigo wa kila siku

Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, kama kifungu cha 43 cha Katiba kinavyosema. Mzazi hatakiwi tena kulipa pesa za kumwongezea mwalimu mshahara. Lakini chakula cha mtoto kimebaki mikononi mwake. Mwenye watoto watatu, akimpa kila mmoja franka 500 kwa siku, anatoa franka 1.500. Kwa mwezi zinapita 30.000. Katika nyumba inayoishi kwa faida ya siku, hizo ni pesa za unga.

Ndiyo maana mama wengi wanafunga kilichobaki jioni au kilichotoka shambani. Na hawakosei. Karanga zina protini na mafuta yanayompa mtoto nguvu. Muhogo, kiazi na ndizi vinashibisha. Biskuti nyingi za dukani ni unga na sukari tu. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili bila chai anahitaji kitu cha kumfikisha saa sita.

Mwalimu naye ana sababu zake

Kwa upande wake, mwalimu anaona mambo ambayo mzazi haoni. Darasa linaweza kupita watoto sitini, watatu au wanne kwenye benchi moja. Mchuzi ukimwagika, madaftari yanaharibika. Miiba ya samaki ikiachwa chini, siafu wanaingia. Mtoto mmoja akija na sukari na keki huku mwenzake hana kitu, wizi unaanza, na machozi pia.

Kuna pia hofu ya magonjwa. Kipindupindu hakijatoka katika miji ya kando ya maziwa, na kinapita katika maji na chakula kichafu. Mpox nayo imewatia walimu wengi woga. Aina yake mpya ilijulikana kwanza Kamituga, katika Kivu ya Kusini, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza hali ya hatari ya kimataifa. Mwalimu anayekataza watoto kunywa katika kikombe kimoja au kununua chakula kisichofunikwa getini hafanyi hivyo kwa roho mbaya.

Kosa linaanza pale onyo la usafi linapogeuka kuwa maneno juu ya umaskini wa nyumba ya mtoto. Kusema «funga chakula chako vizuri» na kusema «usilete chakula cha shamba» ni mambo mawili tofauti. La kwanza linamfundisha mtoto. La pili linamwaibisha. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamlinda dhidi ya mateso ya mwili na ya akili pia, na mlango wa darasa hauizuii.

Kuanzia wapi?

Kosa la kwanza la wazazi ni kumtuma mtoto: «Mwambie mwalimu wako kwamba…» Mtoto hawezi kubeba maneno ya watu wazima wawili. Ataogopa, atapunguza au ataongeza. Kosa la pili ni kuanzia katika kundi la WhatsApp la wazazi. Mwalimu akisoma jina lake pale mbele ya watu mia, hatasikia tena kitu kingine.

Njia iliyo fupi ni kwenda mwenyewe, baada ya masomo, wakati watoto wameondoka. Mzazi aanze kwa kuuliza, kwa sababu alichosikia nyumbani ni nusu ya habari. Maneno machache yanatosha: «Jambo Madamu. Nimekuja juu ya mtoto wangu. Amenielezea habari ya gute, lakini nilitaka kwanza nisikie kutoka kwako.» Baadaye aseme wazi kile ambacho nyumba yake inaweza na kile ambacho haiwezi. Kuficha hakusaidii, kwani mwalimu hawezi kujua kwamba biskuti ya kila siku haiwezekani.

Aulize pia: je, hiyo ni sheria ya ndani ya shule, au ni mpango wa mwalimu peke yake? Kama ni sheria ya shule, iwe imeandikwa na wazazi wote waijue.

Mtoto mgonjwa asingoje ugomvi. Mwenye ugonjwa wa SS, kwa mfano, anapaswa kunywa maji mara kwa mara, hata katikati ya somo. Mzazi alete barua mwanzoni mwa mwaka, pamoja na karatasi ya daktari, na mkuu wa shule abaki na kopi. Vilevile kwa mtoto ambaye karanga au mayai vinamdhuru.

Mwalimu anapouza mwenyewe

Kuna jambo ambalo wazazi wanalisema kwa sauti ya chini: mwalimu anayekataza gute ya nyumbani, kumbe anauza mandazi na bombo darasani, na asiyenunua anaangaliwa vibaya. Wengine wanachukua gute ya mtoto na kuila.

Ni kweli kwamba walimu wengi wanaishi vibaya. Wapo wanaoitwa «nouvelles unités», waliofundisha miaka bila mshahara wa serikali. Lakini njaa ya mwalimu haiwezi kulipwa na mtoto wa miaka minane. Hapo, kama mazungumzo ya kwanza hayakuzaa kitu, mzazi aende kwa mkuu wa shule, akiwa na tarehe na matukio, bila matusi. Akikosa jibu, kuna komite ya wazazi, COPA, ambayo inaweza kuleta neno bila kutaja jina la mtoto. Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 inawapa wazazi nafasi katika uongozi wa shule. Ofisi ya sous-division inakuja mwisho, si mwanzo.

Mkutano mmoja wa COPA mwanzoni mwa mwaka unaweza kuzuia mengi: chakula kikavu, katika chombo chenye mfuniko, maji na sabuni kabla ya kula, hakuna kununua kisichofunikwa, na mwalimu asiseme neno juu ya chakula cha mtoto mbele ya wengine.

Mama wa Kadutu hakufoka getini. Alingoja saa sita na nusu, akaingia darasani, akaketi kwenye benchi ya watoto. Mwalimu alieleza kwamba juma lile mafuta ya chakula yalikuwa yameharibu madaftari manne, na kwamba alikuwa amechoka. Halafu akanyamaza kidogo, akasema: «Mama, nilikosea kumwambia mbele ya wenzake.» Walikubaliana juu ya kasha dogo lenye mfuniko.

Kesho yake, katika somo la usafi na afya, mwalimu aliandika ubaoni vyakula vinavyojenga mwili. Karanga zilikuwa juu kabisa. Siku ile msichana alikula nusu ya muhogo wake, akijificha kidogo nyuma ya rafiki. Siku ya tatu kasha lilirudi nyumbani tupu.