Stesheni Iliyoua Watu Bila Bomu

Nilipomwambia jirani yangu darasani kwamba nitaandika juu ya stesheni ya treni ya Ulaya, alicheka. "Kwani wewe umefika huko lini?" Sijafika. Lakini tangu nisome habari za ngazi moja ya London, huikumbuka kila kengele ya chakula inapolia.

Stesheni hiyo huitwa Bethnal Green, nayo iko mashariki mwa London. Treni zake hupita chini ya ardhi. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka mwaka wa 1939, ujenzi wake ulikuwa haujakamilika, na baadaye wenyeji wakaigeuza kuwa kimbilio. King'ora kikilia kuonya kwamba ndege za Wajerumani zinakuja, watu huteremka humo wakalala salama. Mlikuwa na maelfu ya vitanda, na hata maktaba!

Ila palikuwa na kasoro. Mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja tu. Ngazi yake ilikuwa na vidato 19, haina chuma cha kushikilia katikati, na taa ilikuwa hafifu ili adui asione mwanga. Mwaka wa 1941 baraza la mtaa liliomba ruhusa ya kuurekebisha mlango huo. Ombi likakataliwa. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Usiku wa tarehe 3 Machi 1943, mwendo wa saa 2:17, king'ora kililia. Watu wakaanza kuteremka kama kawaida. Punde ukasikika mshindo mkubwa wasioujua. Kumbe zilikuwa roketi mpya za Waingereza wenyewe, zilizorushwa kutoka bustani iliyo karibu! Watu wakadhani ni mabomu, wakasukumana. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto akajikwaa karibu na kidato cha mwisho. Aliyemfuata akamwangukia, na mwingine, na mwingine. Kufumba na kufumbua, watu wapatao 300 walikuwa wamebanana kwenye ngazi hiyo. Walikufa 173, na 62 kati yao walikuwa watoto. Usiku huo hakuna bomu hata moja lililoanguka mtaani humo.

Basi ni nini kiliwaua? Ni kukosa hewa. Katika msongamano, aliye nyuma hamwoni aliyeanguka mbele. Yeye husukuma kidogo tu, lakini vile vidogo vya mamia ya watu vikijumlishwa, kifua cha mtu hakiwezi kupanuka apumue.

Baada ya msiba, vyuma vya kushikilia viliwekwa na kingo za vidato zikapakwa rangi nyeupe. Kazi ndogo, jamani, lakini ilifanywa baada ya mazishi. Treni zilianza kupita hapo mwaka wa 1946, na mnara wa kuwakumbuka marehemu ulikamilika mwaka wa 2017.

Wenzangu, tunapokimbilia mlo hakuna hata king'ora. Ni maharagwe tu yanayotuita. Mwenda pole hajikwai. Nanyi walimu wetu, iwapo mna mlango wa pili, tafadhali ufungueni.