Wiki Tatu za Sheria The Hague

Kila mwaka, Julai inapoingia, mamia ya wanafunzi wa sheria, mawakili vijana, wahadhiri na maofisa wa wizara za mambo ya nje hukusanyika The Hague, nchini Uholanzi, kusoma sheria ya kimataifa. Wenyeji wao ni Akademia ya Sheria ya Kimataifa ya The Hague. Masomo haya ya majira ya joto yamegawanyika katika vipindi viwili vya wiki tatu tatu. Kimoja hushughulikia sheria inayotawala uhusiano wa dola na dola: mipaka, bahari, mikataba, vita, haki za binadamu. Kingine hushughulikia mambo ya watu binafsi na makampuni yanayovuka mipaka, kama ndoa, talaka, malezi ya watoto, mirathi na biashara. Mtu anaweza kuomba kipindi kimoja au vyote viwili.

Ulaya ina kozi nyingi za sheria za aina hii. Vyuo vikuu vya Marekani hupeleka wanafunzi wao huko kwa wiki chache, na alama wanazopata huhesabiwa katika shahada zao za nyumbani. Vyuo vya Ulaya navyo hufungua milango kwa wageni wakati wanafunzi wao wako likizo. Lakini kozi ya The Hague ndiyo kongwe na yenye uzito kuliko nyingi, na historia yake inaeleza kwa nini.

Mwaka 1899 mataifa yalikutana The Hague kujadili namna ya kumaliza ugomvi bila vita, na mkutano huo ukazaa Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi. Tajiri wa chuma wa Marekani, Andrew Carnegie, alitoa dola milioni 1.5 za kuijengea mahakama hiyo makao. Jengo hilo, Kasri la Amani, lilifunguliwa Agosti 28, 1913. Wakati huohuo mwanasheria wa Kiholanzi Tobias Asser, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1911, alikuwa akipigania kuwe na chuo cha sheria ya kimataifa hapohapo. Asser alifariki mwaka huo wa 1913, na mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka. Akademia ilifunguliwa Julai 14, 1923, wakati Ulaya ilikuwa bado inahesabu wafu wake. Vita vya Pili vilisimamisha masomo, yakarejea mwaka 1947.

Mataifa yaliyoshiriki kulijenga Kasri yalileta zawadi ambazo mgeni huonyeshwa hadi leo: saa ya mnara kutoka Uswisi, mageti ya chuma kutoka Ujerumani, marumaru ya Italia, mazulia ya ukutani kutoka Japani, jagi kubwa la jiwe kutoka Urusi. Kenya, Uganda na Tanganyika hazimo katika orodha hiyo, kwa kuwa mwaka 1913 zilikuwa mali ya Waingereza na Wajerumani. Sheria ya kimataifa inayofundishwa hapo iliandikwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa wakizitawala nchi hizo. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayeingia ukumbini ana haki ya kulijua jambo hilo, na ana haki ya kulisema darasani.

Tena yapo mengi ya kusema. Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, Julius Nyerere aliujulisha Umoja wa Mataifa kwamba nchi mpya haitairithi kiholela mikataba ambayo Uingereza iliisaini kwa niaba yake. Mikataba ya nchi mbili mbili ingeendelea kutumika kwa miaka miwili. Baada ya hapo, ule ambao haukukubaliwa upya, na ambao haukuwa na msingi katika sheria ya desturi ya kimataifa, ungehesabiwa umekwisha. Kwa msimamo huo, mwaka 1962 Tanganyika ilitamka kwamba haifungwi na makubaliano ya mwaka 1929 kuhusu maji ya Mto Nile, ambayo Uingereza iliyafanya na Misri. Nchi kadhaa zilizopata uhuru baadaye zilifuata njia hiyo, na leo msimamo huo unafundishwa kwa jina la Nyerere popote panapozungumzwa urithi wa dola. Jaji Abdulqawi Yusuf, Msomali aliyekuwa rais wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuanzia 2018 hadi 2021, aliwahi kutoa mihadhara katika Akademia hiyo kuhusu Umajumui wa Afrika na sheria ya kimataifa.

Mahakama hiyo, ijulikanayo kwa kifupi kama ICJ, imo ndani ya Kasri la Amani. Isichanganywe na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, iliyo sehemu nyingine ya jiji, karibu na vilima vya mchanga vya pwani. Wakenya wengi walilizoea jina la The Hague kwa sababu ya kesi za ICC zilizofuata ghasia za uchaguzi wa 2007, na Wakongo kwa sababu ya kesi ya Thomas Lubanga, mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama hiyo, mwaka 2012. ICC huwashitaki watu binafsi. ICJ huamua mashauri ya dola dhidi ya dola, na Afrika Mashariki imefika mbele yake mara kadhaa. Mwaka 2005 ilitamka kwamba Uganda ilivunja sheria kwa kuingiza majeshi yake Kongo, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe fidia ya dola milioni 325. Oktoba 12, 2021 ilichora mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya katika shauri ambalo Somalia ililifungua mwaka 2014. Kenya ilikataa kushiriki vikao vya mwisho, kisha ikaikataa hukumu.

Mwanafunzi anayesoma sheria ya bahari hatua chache kutoka kwenye chumba ambamo mpaka huo ulichorwa anaielewa tofauti na yule aliyekutana nayo katika kurasa za kitabu peke yake. Hapo ndipo ilipo faida ya kusoma mahali hasa. Miongoni mwa wanaofundisha wamo majaji na mawakili waliosimama katika mashauri ya aina hii. Jengo la mihadhara limo katika viwanja vya Kasri, na maktaba ya Kasri, iliyo miongoni mwa maktaba kubwa kabisa duniani za sheria ya kimataifa, iko papo hapo.

Asubuhi ni ya mihadhara. Kila kipindi huwa na kozi kuu moja, ambayo mwalimu mwenye sifa kubwa huitumia kuueleza uwanja mzima kwa mtazamo wake, pamoja na kozi fupi za mada maalumu. Mihadhara hutolewa kwa Kiingereza au Kifaransa na kutafsiriwa papo hapo. Mchana kuna semina, ziara za mahakama na taasisi, na madarasa ya mazoezi kwa walioendelea. Baadaye mihadhara hiyo huchapishwa katika mkusanyo wa Akademia, ambao tangu 1923 umefikia juzuu zaidi ya 400 na hunukuliwa mahakamani sehemu nyingi za dunia. Nje ya ukumbi lugha ni za dunia nzima. Wakili wa Bukavu aliyesomea kwa Kifaransa na mwenzake wa Dodoma aliyesomea kwa Kiingereza wanaweza kusikiliza mhadhara mmoja kila mtu kwa lugha yake, kisha wakaujadili kwa Kiswahili wakisubiri tramu namba 1, inayopita mbele ya Kasri kuelekea ufukwe wa Scheveningen. Jua la Julai huzama karibu saa nne usiku, jambo ambalo Mwislamu anayengoja Magharibi hulihisi mapema.

Kipindi cha sheria ya mambo ya watu binafsi hakipati sifa kama kile cha dola, ingawa ndicho kinachogusa zaidi maisha ya kawaida. Wanandoa waliofunga ndoa Mombasa wakahamia Muscat, kisha wakaachana huku mmoja amerudi na watoto: mahakama ya nchi gani itaamua, na kwa sheria ya nani? Hilo ndilo swali la somo hili. Mkutano wa The Hague wa Sheria ya Kimataifa ya Mambo ya Binafsi, ulioanza mwaka 1893 kwa juhudi za Asser huyohuyo, umetunga mikataba ya kujibu maswali kama hayo. Kenya ni mwanachama wa mkataba wa mwaka 1993 wa kuasili watoto wa nchi nyingine. Burundi na Rwanda zimo katika ule wa mwaka 1961 unaorahisisha uthibitishaji wa nyaraka, kwa hiyo cheti kilichogongwa muhuri maalumu Kigali hakihitaji tena kuzungushwa ubalozini ili kitambuliwe katika nchi nyingine mwanachama. Wakili wa mjini mwenye wateja walio ughaibuni atapata kazi zaidi katika eneo hili kuliko katika mipaka ya bahari.

Akademia inalenga watu waliokwisha kusonga mbele katika masomo ya sheria na wanaojua misingi ya sheria ya kimataifa. Asiyejua tofauti ya mkataba na desturi atapotea siku ya kwanza. Maombi hufanywa kwa njia ya mtandao miezi mingi kabla, na anayeomba ufadhili hana budi kuwahi zaidi. Kuna ufadhili unaofuta ada tu, na upo unaoongeza posho ya kujikimu. Nauli ya ndege kwa kawaida hubaki juu ya mwombaji. Barua ya maombi yenye nguvu hutaja jambo mahususi: wakili wa Mtwara anayefuatilia mikataba ya gesi, au ofisa wa uhamiaji wa Kigoma anayeshughulika na wakimbizi, ana la kueleza zaidi kuliko anayesema anapenda sheria tangu utotoni.

Kikwazo kikubwa kwa Waafrika wengi ni viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake, na uamuzi wa kawaida huchukua siku 15, ingawa unaweza kufika 45. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni euro 90. Hutakiwa pia bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, uthibitisho wa malazi na wa fedha za kutosha. Baadhi ya waliokubaliwa darasani hukosa safari kwa sababu walisubiri mwezi wa mwisho, na hilo linaumiza kwa kuwa nafasi hizo zilikwisha kupatikana kwa jasho.

Anayehudhuria ipasavyo hupewa hati ya mahudhurio. Ipo pia stashahada, ambayo mtihani wake wa maandishi na wa mdomo ni mgumu kiasi kwamba kuna vipindi ambavyo hakuna hata mmoja anayeipata. Hakuna kati ya hizo inayompa mtu ruhusa ya uwakili: Mtanzania bado atapitia Law School of Tanzania, na Mkenya Kenya School of Law. Uzito wa hati hizo huonekana kwenye maombi ya shahada ya uzamili, wizarani, na Arusha, yaliko makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu na ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki.

Mwenye mada maalumu ana kozi nyingine za majira ya joto za kufikiria. Strasbourg, nchini Ufaransa, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1969 na René Cassin hufundisha haki za binadamu. Hamburg, kwenye makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, ambako Watanzania Joseph Warioba na James Kateka waliwahi kuwa majaji, kuna kozi ya sheria ya bahari. Geneva, Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa huwa na semina ya wiki tatu kwa kikundi kidogo. Kwa asiyeweza kufika Ulaya, Umoja wa Mataifa huendesha kozi ya sheria ya kimataifa kwa Afrika mjini Addis Ababa, na tangu 2008 umeweka mtandaoni maktaba ya mihadhara ya video isiyolipiwa, ambamo wamo walimu wengi waliofundisha The Hague.