Kutu ya Chasisi ya Land Rover: Hatari Iliyo Ndani (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza kutu inavyozaliwa: chuma kikikutana na maji na oksijeni huliwa, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Leo tuingie uvunguni.

Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza, ilikotengenezwa, ilikuwa bado na upungufu wa chuma tangu wakati wa vita. Bodi ikaundwa kwa aloi ya alumini, lakini chasisi ikabaki ya chuma. Ndiyo maana gari kuukuu la aina hiyo huweza kuwa na madigadi mazima huku chasisi imeoza.

Chasisi yenyewe ni mabati yaliyochomelewa yakawa boksi refu lenye uwazi ndani. Matope huingia, huziba vitundu vya kutolea maji, na unyevu hukaa humo miezi. Kutu mbaya huanzia huko, rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Kagua kwanza boriti ya nyuma na mikono ya pembeni inayobeba bodi. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu, na bisibisi huzama.

Palipooza pakatwe hadi kwenye chuma kizima, kisha pachomelewe bati jipya. Kiraka juu ya kutu huificha tu. Kutu ya juujuu isuguliwe kwa brashi ya waya, ipakwe dawa yenye asidi ya fosforiki, kisha praima ya zinki na rangi. Lami ikipakwa juu ya kutu hufungia maji.

Ndani ya boksi brashi haifiki. Humo hupulizwa nta maalumu kwa mpira mrefu, chasisi ikiwa imekauka kabisa. Oili chafu wanayoipenda wengi huharibu mipira ya bushi na kuchafua ardhi.

Mwenye uwezo, akivua bodi, aipeleke chasisi ikachovywe katika zinki iliyoyeyushwa, nyuzi joto zipatazo 450. Zinki huliwa kwanza, chuma kikasalimika. Lakini pawepo matundu ya hewa, kwani unyevu uliofungiwa huweza kulipuka.

Nawasihi wenye magari haya Tanga, Mombasa na pwani yote: osheni uvungu kwa maji yasiyo na chumvi, na kabla ya masika zibueni vitundu kwa waya. Kazi hiyo haina gharama, nayo huokoa chasisi kuliko rangi yoyote.

Itaendelea.